Matunda na rojo la karanga, kitafunwa cha fasta cha saa kumi jioni

Saa kumi jioni hapa kwangu huwa wanaingia watoto wawili wa dada yangu wanatoka shule, wamechoka, soksi zimejaa vumbi, na salamu yao haina kona, "shikamoo mjomba, kuna nini cha kula?" Muda huo chakula cha usiku bado kabisa, hata mchele haujachaguliwa. Zamani nilikuwa natoa hela wanakimbia dukani wanarudi na bisikuti, wanashiba bisikuti, alafu usiku wanachezea wali sahani nzima na mama yao ananiangalia mimi. Nikahamia kwenye matunda, ila matunda peke yake nayo wanakula vipande vitatu wanakwambia basi, baada ya nusu saa wana njaa tena. Kilichomaliza huu mchezo ni kuwawekea pembeni kibakuli cha rojo la karanga wachovye. Sahani inarudi tupu na wanafika saa mbili usiku hawajalia njaa.

Nimeshawaelekeza watu kadhaa hii kitu, wengi wanarudi na malalamiko mawili tu, ama "langu limekuwa zito kama udongo wa kufinyangia" ama "langu limekuwa maji linachuruzika, halikai kwenye tunda". Yote mawili yanatokana na hatua moja, ya kutia maji, na hapo ndo ntakaa sana. Ila tuanze na siagi ya karanga yenyewe, maana ndo inayotengeneza rojo.

Kama unatumia ya kopo kutoka dukani hamna shida, wewe geuza tu kopo usome wameweka nini. Ikiwa ni karanga na chumvi, au karanga peke yake, safi. Zile zilizoongezewa sukari na mafuta mengine utazijua, hazitoi mafuta juu hata zikae mwezi, zimetulia tu kama losheni. Sio mbaya, zinafanya kazi, ila punguza asali huko mbele maana tayari ni tamu. Na kama una siagi tayari kopo liko mezani ruka moja kwa moja mpaka sehemu ya rojo, kazi yako ni dakika kumi na matunda humo humo.

Mi nasaga mwenyewe. Nachukua karanga mbichi vikombe viwili, zile ndogo nyekundu au hizi kubwa za rangi ya waridi zote sawa. (Wenzetu wa Kenya wakisema njugu wanamaanisha hizi hizi karanga, huku kwetu ukisema njugu unaweza kuletewa njugu mawe, ambazo ni tamu zikichemshwa lakini kwa kazi hii hazifai, hazina mafuta ya kutosha.) Kabla ya moto zimwage kwenye ungo, kaa penye mwanga, uzichague moja moja. Najua inachosha, ila hapa usifanye haraka. Toa zote zilizosinyaa, zenye ukungu wa kijani au mweusi, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi. Karanga zikivunwa zikahifadhiwa na unyevu zinashikwa na fangasi wanaoacha sumu inaitwa sumukuvu, na hii sumu haiondoki kwa kukaanga, moto wa jikoni hauiwezi. Sio stori za kutishana, mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na mwaka 2016 Dodoma na Manyara nako watu walipoteza maisha kwa mahindi hayo hayo. Karanga na mahindi ndo vipenzi vya huyo fangasi. Kuna siku nilinunua karanga sokoni muuzaji akaniambia hizi za bei chee ni za kusaga kaka, haina haja ziwe nzuri. Nikafika nyumbani nikazimwaga kwenye ungo, karibu theluthi ilikuwa ya kutupa. Yaani hiyo lugha ya "za kusaga" ukiisikia jua kinachofichwa ni ubovu. Na ukitafuna moja ikawa chungu usimeze, tema.

Kukaanga. Sufuria kavu au kikaangio kizito, moto mdogo, geuza muda wote kwa mwiko, dakika 12 mpaka 15 hivi. Kama unatumia mkaa, punguza makaa kwanza, karanga zinaungua nje ndani zikiwa mbichi na ukizisaga hivyo unapata siagi yenye ladha mbili, jivu na maharage. Kipimo changu mimi ni sauti na ganda, zinaanza kulia pa pa pa kidogo kidogo na maganda yanapasuka, nachukua moja napuliza naipasua katikati, ndani ikiwa na rangi ya chai ya maziwa iliyokolea kidogo naziepua hapo hapo na kuzimwaga kwenye sinia. Usiziache kwenye sufuria ya moto ukaenda kupokea simu, zinaendelea kuiva zenyewe. Wanaokaangia kwenye chumvi au mchanga kama wauza karanga wa barabarani zinaiva vizuri zaidi, sawa kila upande, ila kwa vikombe viwili mi naona ni kujitafutia kazi.

Zikipoa kiasi cha kushikika zisugue kwa viganja au ndani ya taulo la jikoni, maganda yanatoka, alafu peleka nje upepete. Usipopepeta vizuri siagi inakuwa na uchunguchungu na vidoti vyekundu, watoto wataviona tu.

Kwenye blenda ndo subira. Weka karanga zikiwa bado na uvuguvugu, hapo mafuta yanatoka upesi. Dakika ya kwanza unapata unga mkavu. Zima, kwangua pembeni na kijiko, washa. Baadae inakuwa donge linalozunguka na kunata ukutani, na hapa ndo watu wengi wanakata tamaa wanatia maji au mafuta ya kupikia. Usitie kitu. Zima, acha mota ipumzike dakika mbili, kwangua, washa tena. Donge litaanza kung'aa, alafu ghafla linalegea lenyewe linamiminika, mafuta ya karanga yametoka. Kwa blenda ya kawaida ya nyumbani hesabu dakika 8 mpaka 10 pamoja na mapumziko. Mi nimeshaunguza moja ya dada yangu kwa kuikomalia bila kuipumzisha, ilitoa moshi na harufu ya waya, na nilinunua nyingine. Kama umeme umekatika kuna kinu na mchi, twanga karanga kidogo kidogo zikiwa za moto, haitakuwa laini kama ya mashine ila kuna wanaoipenda hivyo na vichembe vyake. Chumvi robo kijiko cha chai, saga mara ya mwisho, mimina kwenye kopo kavu la kioo.

Kopo kavu, nasisitiza. Kijiko kikavu pia. Siagi ya karanga isiyoguswa na maji inakaa mwezi kabatini bila friji, ikiguswa na maji inaharibika ndani ya siku chache. Mara ya kwanza kabisa nilitaka kurahisisha, nikatia maji na asali humo humo kwenye blenda na karanga zote vikombe viwili, siku ya nne nikakuta ukungu. Kwaiyo siagi ni ya kuhifadhi, rojo ni la leo. Unachota kiasi cha leo ndo unachanganya.

Haya, rojo sasa. Kwa watu wawili watatu chukua vijiko vinne vya chakula vya siagi kwenye bakuli, ongeza kijiko kimoja cha asali, chumvi kiduchu kama siagi yako haina. Kwanza koroga hivyo tu. Utaona inakazana kidogo. Sasa chukua maji ya uvuguvugu, sio ya baridi na sio yaliyochemka, yale ambayo ukitia kidole unasema sawa. Tia kijiko kimoja cha chakula, koroga.

Na hapa ndo penye kizaazaa, badala ya kulainika linakuwa gumu! Linanata kwenye kijiko, linakatikakatika, linabadilika rangi linapauka, unaona kabisa umeharibu. Hujaharibu. Siagi ya karanga ni vichembe vidogo sana vya karanga vinavyoelea kwenye mafuta yake yenyewe, karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Ukitia maji kidogo vile vichembe vinayanyonya na kuanza kushikana, kama unga wa ngano ukiunyunyizia maji machache unavyofanya vidonge. Dawa yake ni maji zaidi. Tia kijiko cha pili, koroga kwa nguvu ukilibana rojo ukutani mwa bakuli. Bado gumu. Cha tatu, linaanza kuachia. Cha nne, ghafla linakuwa laini, jeupejeupe, linang'aa kidogo, na huo ndo ulaini kama krimu wanaousema watu, maana sasa mafuta yamejigawa vitone vidogo vidogo ndani ya maji kama yalivyo kwenye maziwa. Kuanzia hapo punguza mkono, tia nusu kijiko nusu kijiko. Wale wa rojo gumu waliishia kijiko cha kwanza wakaogopa, wale wa rojo la maji walimimina kikombe kwa mpigo.

Utajuaje limefika? Nyanyua kijiko juu, lianguke kama utepe, na ule utepe ubaki unaonekana juu ya rojo kwa sekunde mbili tatu kabla haujazama. Ukizama papo hapo umezidisha, ongeza siagi kidogo. Usipoanguka kabisa ongeza maji. Likikaa dakika kumi linakaza tena kidogo kwaiyo kama unaandaa mapema liache jepesi kuliko unavyolitaka.

Maji sio lazima, ni mwanzo tu wa kujifunzia. Mi nikiwa na mtindi natumia mtindi, vijiko vitano vya chakula kwa vinne vya siagi, unakuja ule uchachu kwa mbali unaokata mafuta ya karanga, na ukichuja mtindi kwanza kwa kitambaa safi ndo unakuwa mzito hasa. Tui la nazi nalo, lile zito la kwanza, likiwa vuguvugu, na punje mbili za iliki zilizotwangwa, aisee hapo ukila na nanasi utakumbuka kashata. Ila la tui ulimalize siku hiyo hiyo, tui halina subira na joto letu. Asali kama huna tumia tende, loweka tende nne kwenye maji ya moto, toa kokwa, ponda na uma, changanya. Mdalasini wapo wanaoupenda, kwangu naona unafunika ladha ya karanga. Kitu ambacho sitakuruhusu kuruka ni matone machache ya ndimu mwishoni pamoja na ile chumvi kiduchu, bila hivyo rojo linakuwa zito mdomoni, kipande cha tatu kinakukinai.

Wenye korosho, hasa ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, tumieni korosho. Nunua zile zilizovunjika, bei iko chini na ukisaga nani atajua. Zinasagika haraka kuliko karanga, rojo lake ni jeupe na laini mno, ila ladha yake ni ya upole kwaiyo linataka asali kidogo zaidi. Usijaribu tu kubangua za ganda mwenyewe nyumbani kama hujui, mafuta ya lile ganda yanaunguza ngozi.

Tunda gani? Sio kila tunda. Tunda la kuchovya linatakiwa liwe na mgongo, libebe rojo bila kukatika, na liwe na ukali au uchachu kidogo. Namba moja kwangu ni embe lililokomaa likaanza kupata rangi lakini bado gumu, kuanzia mwezi wa 11 yanapojaa sokoni hapa Dar hatuli kingine. Menya, kata vipande virefu vya unene wa kidole kufuata urefu wa kokwa. Embe lililoiva kabisa linateleza, embe la nyuzi linakuachia nyuzi kwenye rojo, yote hayo kula kivyake. Pera nalo linadharauliwa bila sababu, chukua lile la nusu mbivu ambalo ukiling'ata linalia kwaa, kata robo robo.

Maepo, yaani matufaha, ndo wanayotumia wazungu zaidi na kweli yanakubali, yanakauka kwa nje na kutafunika vizuri. (Tofaa la Unguja, lile jekundu la majimaji, ni kitu kingine, nalo linaweza ila linalowesha rojo.) Epo likikatwa linakuwa la kahawia ndani ya dakika chache sababu ya hewa, kwaiyo lipake ndimu au lizamishe dakika tano kwenye maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwa vikombe viwili vya maji, alafu suuza. Ule ukahawia haubadilishi ladha, watoto tu ndo wanagoma kula kitu "kilichooza" hata kama hakijaoza.

Ndizi kisukari kata nene, sentimeta mbili hivi, na ziwe hazijawa na madoa mengi. Ukizigandisha kwenye friji saa mbili tatu alafu ukachovya, rojo linagandia juu kama ganda. Siku za joto la mwezi wa pili hiyo ndo aiskrimu ya hapa kwetu. Nanasi, lile la Kiwangwa tamu, lifute kwanza kwa kitambaa safi au tishu. Futa tunda lolote lenye maji, hii ni siri ndogo inayofanya kazi kubwa, rojo la mafuta haligandi kwenye kitu kilicholowa, linateleza tu. Na nanasi na papai usivichanganye ndani ya rojo la mtindi ukaacha vikae, vina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa na mtindi unakuwa mchungu. Kuchovya na kula hapo hapo hamna neno.

Alafu fenesi! Hili niligundua kwa bahati. Nyama ya fenesi ukitoa kokwa inabaki na umbo la kikombe kabisa, unachota rojo kijiko cha chai unajaza ndani unafunga na vidole unatupia mdomoni. Ule utamu wa fenesi na chumvi ya karanga vikikutana, we acha tu. Dada yangu ambaye hapendi fenesi hata harufu alikula sita. Paka mikono mafuta kabla ya kulipasua lakini, ule utomvu unaujua.

Tikiti na machungwa achana navyo hapa, ni maji matupu. Parachichi mafuta juu ya mafuta, hapana.

Kuhusu watoto na wageni. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata kwenye rojo, inaweza kumletea sumu ya bakteria ambayo tumbo lake haliwezi bado, mtengenezee lisilo na asali, jepesi, kidogo. Watoto wadogo chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima, zinapalia, na hata siagi nzito kijiko kizima inaweza kumnata kooni, rojo lililolegezwa ndo salama. Na mgeni ukimkaribisha muulize kwanza kama karanga zinamdhuru, wapo ambao kijiko kimoja kinawavimbisha midomo na kuwabana pumzi, huyo ni hospitali haraka sio wa kupewa maziwa. Kwa mtu wa hivyo hata kisu ulichopakia siagi usikatie matunda yake.

Kama unamfungia mtoto kwenda nalo shule, rojo weka chini kwenye kikopo chenye mfuniko, vipande vya epo au pera visimamishe wima ndani ya rojo, funga. Likiwa la maji na asali tu linavumilia asubuhi nzima bila shida, la mtindi linataka ubaridi. Likibaki, weka kwenye friji, rojo la maji linakaa siku nne, la mtindi siku tatu, ukilitoa ongeza kijiko cha maji ya uvuguvugu ukoroge, linarudi.

Siagi ya kwenye kopo ikipandisha mafuta juu usiyamwage, ndo ulaini wenyewe huo. Ligeuze kopo kichwa chini usiku kucha, asubuhi koroga. Na likibaki lile la ukutani ambalo kijiko hakifiki, usilioshe bado. Mimina humo maziwa ya moto nusu kopo na asali kidogo, kaza mfuniko, shika na kitambaa, tikisa mpaka ukuta wa kopo uwe msafi, legeza mfuniko taratibu maana mvuke unasukuma. Hiyo ni ya mjomba, watoto wameshakula zao.